Probox inayosema "tak" tu: kubadilisha stata uani, na ethi iliyoiua stata ya kwanza

Gari ni Toyota Probox, injini 1NZ-FE ya lita 1.5, gia otomatiki, linalala nje Dar es Salaam karibu na bahari. Ukizungusha ufunguo, taa za dashibodi zinabaki zinang'aa vilevile, unasikia "tak" moja nzito kutoka mbele ya injini, kisha kimya. Ukirudia mara nne au tano, mara ya sita injini inazunguka na kuwaka kana kwamba haikuwahi kuumwa. Baada ya wiki kadhaa ile mara ya sita ikaacha kuja. Gari la otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa, kwa hiyo kazi ilibidi ifanyike palepale uani, bila lifti wala shimo la gereji.

Kabla ya hapo betri mpya ilikuwa imeshanunuliwa na haikusaidia kitu. Kosa hili ni la kawaida mno, na linaeleweka: gari likigoma kuwaka, betri ndiyo kitu cha kwanza mtu anachokiona. Ila betri dhaifu ina lugha yake. Taa zinafifia ukizungusha ufunguo, au unasikia "tak-tak-tak-tak" ya haraka. "Tak" moja nzito huku taa zikiwaka vizuri inasema jambo jingine: umeme upo, lakini ule mkubwa wa kuzungusha injini haupiti kwenye stata, ile mota inayoizungusha injini ili iwake.

Kupima kabla ya kushika spana

Unahitaji mita ya umeme ya kawaida kwenye volti 20 DC na mtu wa kukuzungushia ufunguo. Gia iwe P, breki ya mkono iwe juu.

Betri ikiwa imetulia ilisoma 12.6 V. Ufunguo ukiwa kwenye kuwasha ikasoma 12.4 V. Kipimo hicho peke yake kinatosha kuiondolea betri lawama, kwa sababu stata inayozungusha injini hii inaishusha betri nzuri hadi kati ya 10 na 11 V. Isiposhuka, hakuna mzigo uliovutwa.

Stata yenyewe ina sehemu tatu za kupima. Terminali 30 ni ile yenye nati na waya mnene unaotoka moja kwa moja kwenye betri. Terminali 50 ni soketi ndogo ya plastiki inayoleta amri kutoka kwenye ufunguo. Chomeka pini nyembamba nyuma yake bila kuichomoa. Ya tatu ni C, ambako waya wa shaba uliosukwa unatoka kwenye selenoidi (swichi ya sumaku-umeme iliyoshikana na stata) kuingia kwenye mota. Ncha nyeusi ya mita ishike bodi ya stata. Ufunguo ukizungushwa, masomo yalikuwa: terminali 30, 12.4 V, terminali 50, 11.7 V, C, 0.4 V.

Maana yake ni kwamba amri imefika na umeme wa betri umefika hadi mlangoni, lakini mlango haufunguki. Ndani ya selenoidi kuna sahani ya shaba inayotakiwa kugusa pointi mbili na kuunganisha 30 na C. Sahani imesogea, ndiyo "tak" unayoisikia, ila nyuso zake zimeungua na hazipitishi. Kama C ingesoma volti 12 na mota haizunguki, mtuhumiwa angekuwa makaboni ya ndani ya mota, yaani vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Kwa kweli makaboni yakikatika kabisa, mara nyingi hata "tak" inakuwa hafifu au haipo, maana koili ya kuvuta selenoidi inapata ethi yake (njia ya umeme kurudi negativu ya betri) kupitia makaboni hayohayo. Nayo terminali 50 ikisoma chini ya volti 8, usiifungue stata. Rudi nyuma ukapime relei, swichi ya gia ya P/N na swichi ya ufunguo.

Kikaja kipimo cha nyaya, na hapo ndipo kosa la kisa hiki lilipofanyika. Ncha moja ya mita iliwekwa kwenye kichwa cha negativu cha betri, nyingine kwenye bodi ya stata, ufunguo ukazungushwa: 0.04 V. Kiwango kinachovumilika upande wa ethi ni kama 0.2 hadi 0.3 V, kwa hiyo ethi ikahesabiwa nzima. Hesabu hiyo haikuwa halali. Volti hupotea kwenye waya mbovu pale tu mkondo mkubwa unapopita, na hapa hakuna mkondo mkubwa uliopita, kwa sababu pointi za selenoidi hazikugusana. Waya uliobakiwa na nyuzi tatu za shaba nao ungesoma karibu sifuri. Kipimo cha nyaya kwenye stata isiyozunguka hakimwachii mtu ruhusa ya kuziamini nyaya.

Kutengeneza au kubadilisha

Mafundi wengi wanajua ukarabati wa kubadilisha pointi za shaba na plunja (pini inayosogeza sahani ya shaba), na ni ukarabati mzuri sana kwenye stata za Denso zenye kifuniko cha skrubu tatu nyuma ya selenoidi, kama zile za Hilux na Land Cruiser nyingi. Stata ya 1NZ-FE si ya aina hiyo. Ni ndogo, ya gia za sayari, na kopo la selenoidi limefungwa kwa kukunja bati. Unaweza kubadilisha selenoidi nzima, au stata nzima. Kulikunjua bati lile na kulirudisha ni kazi inayovuja maji na vumbi baada ya mvua chache, haifai.

Kilichoamua hapa ni umri. Stata ilikuwa ya kiwandani, haijawahi kufunguliwa, na kuweka selenoidi mpya juu ya makaboni yaliyolika ni kujipangia safari ya pili chini ya gari. Ikachukuliwa stata nzima iliyotumika kutoka Japani, aina inayouzwa Kariakoo na Ilala, au Kirinyaga Road kwa walio Nairobi. Kwa maoni yetu hiyo ni bora kuliko "mpya" ya bei nyepesi isiyojulikana ilikotoka, kwa sharti moja: ipimwe pale pale dukani kabla pesa haijatoka.

Nenda dukani na ile ya zamani mkononi (kuitoa kumeelezwa hapo chini). Linganisha umbali wa matundu mawili ya bolti, idadi ya meno ya pinioni (gia ndogo inayotoka kwenye pua ya stata), urefu wa pua, umbo la soketi ya terminali 50 na upande inakoangalia. Stata ya gari la gia za mkono na ya otomatiki zinaweza kufanana kwa macho na kutofautiana kwenye pua. Kisha ijaribiwe kwa betri: negativu kwenye bodi, pozitivu kwenye 30, halafu waya mfupi kutoka 30 kugusa 50. Ibanwe kwenye jiliwa au ikanyagwe imara, maana inaruka kwa nguvu. Pinioni itoke yote kwa mpigo mmoja, izunguke bila kukwaruza, na ukiachia irudi ndani mara moja. Sekunde mbili tatu zinatosha.

Kuinua gari bila lifti

Stata ya 1NZ-FE iko mbele ya injini, upande wa rejeta, chini ya manifoldi ya kuingizia hewa, pale injini inapoungana na giaboksi. Bolti ya juu inafikika kutoka juu kwa ekstensheni ndefu. Ya chini na nati ya waya mnene zinafanyika kwa raha zaidi ukiwa chini, kwa hiyo gari lazima liinuliwe.

Hapa tunaomba msomaji asisome haraka. Probox hii inavutwa na magurudumu ya mbele, na gia ya P inafunga magurudumu hayohayo ya mbele. Ukiyainua, P haizuii tena chochote. Kinacholishika gari ni breki ya mkono kwenye magurudumu ya nyuma na kabari ulizoweka. Kabari ziwe mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya nyuma, za mbao ngumu zilizokatwa pembe tatu, si jiwe la mviringo lililookotwa uani.

Jeki ya kukunja inayokuja na gari ni ya kubadilishia tairi tu. Inainua, haibebi gari ambalo mtu amelala chini yake. Zinahitajika stendi mbili za jeki za angalau tani 2, ziwekwe chini ya ukingo wa bodi nyuma ya gurudumu la mbele, pale penye alama mbili zilizokatwa. Kama sakafu ni udongo au zege lililopasuka, weka chini ya kila stendi kipande cha mbao ngumu chenye unene wa sentimita 3 hivi na upana unaozidi miguu ya stendi, isije ikazama upande mmoja.

Matofali hapana. Tofali la saruji linabeba ukuta kwa sababu uzito umesambaa juu yake lote. Ukingo wa bodi ni bati jembamba linalokandamiza mstari mmoja, na tofali hupasuka ghafla bila kutoa dalili. Hakuna stata inayolingana na kifua cha mtu. Ukikosa stendi, azima, au subiri kesho.

Gari likishakaa kwenye stendi lisukume kwa mkono kutoka ubavuni, kwa nguvu kweli. Likiyumba au stendi ikilia, shusha uanze upya. Kisha teleza tairi la akiba chini ya ukingo, karibu na utakapolala, kama kinga ya mwisho. Nafasi ya sentimita 35 hadi 40 chini ya bodi inatosha.

Kuitoa

Vifaa ni vichache: soketi za milimita 10, 12 na 14, racheti, ekstensheni ya sentimita 25 au mbili fupi za kuunganisha, bisibisi bapa, mafuta ya kulegeza kutu, brashi ya waya, msasa namba 120, tochi ya kichwani na torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kama ipo.

Kwanza negativu ya betri itoke, soketi ya 10, na kichwa chake kifungwe kitambaa kisirudi kugusa. Negativu inatangulia kwa sababu spana ikigusa bodi wakati unafungua negativu, hakuna kinachotokea. Waya mnene wa stata haupitii fyuzi. Spana ikiunganisha terminali 30 na bodi huku betri imefungwa, mamia ya ampia yanapita kwenye chuma ulichokishika, nacho kinaweza kujichomelea palepale.

Nyunyizia bolti mbili mafuta ya kutu na uziache dakika 15. Wakati huo toa kifuniko cha plastiki cha chini, na bomba la hewa kama linaziba mkono. Piga picha ya jinsi nyaya zilivyopita.

Soketi ya terminali 50 ina kilimi cha kubonyeza. Plastiki iliyokaa karibu na joto la injini kwa miaka mingi huvunjika kama biskuti, kwa hiyo bonyeza na kuvuta mwili wa soketi, usivute waya. Sukuma kifuniko cha mpira cha terminali 30, fungua nati kwa soketi ya 12, vua waya. Sasa bolti ya chini, kichwa cha 14, ilegezwe lakini isitolewe. Bolti ya juu itolewe yote. Rudi chini, shika stata kwa mkono mmoja, maliza bolti ya chini. Ina uzito wa kilo kadhaa, na ukilala chali iko juu ya uso wako. Ndiyo maana bolti ya mwisho inakuwa ile unayoiona na kuifikia ukiwa umeishika stata. Pengine masikio yake (sehemu zenye matundu ya bolti) yameganda kwenye giaboksi kwa kutu nyeupe ya alumini. Itikise kushoto na kulia kwa mkono. Usiipige nyundo: ikiwa ni ya aina yenye sumaku zilizobandikwa ndani, pigo moja linaweza kuzivunja.

Tundu likiwa wazi, angalia kwa tochi meno ya flekspleti, bamba linalokaa mahali pa flaiwili kwenye gari la otomatiki. Zungusha injini kidogo kidogo kwa bolti ya puli ya kranki na uyakague yote, si yale yaliyo mbele yako tu. Injini ya silinda nne husimama sehemu zilezile kila ikizimwa, kwa hiyo meno hulika kwa mafungu. Hapa yalikuwa mazima.

Kuiweka

Stata haina waya wa ethi. Ethi yake ni mgusano wa masikio yake na giaboksi, basi. Nyuso zote mbili zipigwe msasa hadi alumini ing'ae, zifutwe kwa petroli kidogo, zisipakwe grisi wala rangi.

Isukume kwa mkono hadi ikae imegusa pote. Usitumie bolti kuivuta ijikalie. Sikio la alumini linakatika kwa namna hiyo, tena kwa mlio mdogo tu. Bolti zote mbili zianze kwa vidole angalau mizunguko mitatu, kisha zikazwe hadi Nm 37 (kipimo cha nguvu ya kukaza). Bila torki renchi, hiyo ni racheti ya kawaida, mkono mmoja, hadi igome, kisha nyongeza ndogo.

Nati ya terminali 30 inataka Nm 9.8 tu, yaani kukazwa kwa kiwiko kilichotulia. Nguzo yake imeshikiliwa na plastiki. Ukikaza kwa hasira inazunguka ndani na selenoidi nzima umeiharibu. Ukiilegeza mno inapata joto na kuyeyuka. Rudisha kifuniko cha mpira, bana soketi hadi isikike "klik", hakikisha waya haulali juu ya ncha ya chuma, kisha negativu ya betri iwe ya mwisho. Kusanya spana zote ukizihesabu kabla ya kuzungusha ufunguo.

Ikazunguka, lakini kwa uvivu

Injini ikawaka. Watu wengi wangeshusha gari hapo na kunawa mikono. Lakini ilizunguka kwa kujikokota, "wuu... wuu... wuu", na betri mpya ikasoma 10.9 V wakati wa kuzungusha. Betri ina nguvu, stata imejaribiwa dukani ikapiga kwa kasi. Katikati yake kuna kitu kinakula umeme.

Sasa mkondo unapita, kwa hiyo kipimo cha nyaya kina maana. Fyuzi ya EFI ilitolewa ili injini izunguke bila kuwaka. Kutoka pozitivu ya betri hadi terminali 30: 0.18 V, safi, kwani upande huo kikomo ni 0.5. Kutoka negativu ya betri hadi bodi ya stata: 0.9 V. Ni ileile iliyosoma 0.04 asubuhi.

Tukiikadiria stata hii kuwa inavuta ampia 150, 0.9 V iliyopotea ni wati 135 zinazogeuka joto kwenye kiungo kimoja, zaidi ya balbu mbili za taa kubwa za wati 55. Ukiweka mkono kwenye waya wa ethi baada ya kuzungusha mara tatu, unasikia ulipo ugonjwa. Ulikuwa pale waya wa negativu unapofungwa kwenye giaboksi: kwa nje bolti ilionekana imekaza, lakini chini ya jicho la waya kulikuwa na unga wa kijani na mweupe. Hewa ya chumvi ya pwani hufanya hivyo kwa miaka, taratibu, na nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi hadi sentimita mbili ndani ya ganda.

Kusugua jicho peke yake hakutoshi nyuzi zikishaoza. Waya ulibadilishwa wote, wa milimita mraba 25 wenye macho ya kubanwa kwa mashine, uso wa giaboksi ukapigwa brashi ya waya, bolti ikakazwa, na grisi ikapakwa juu baada ya kukaza, si chini. Upande unaoingia kwenye bodi ya gari nao ukasafishwa.

Kipimo cha mwisho: ethi 0.12 V, injini inazunguka kwa kasi na kuwaka chini ya sekunde moja. Ikiwa imewaka, 14.1 V kwenye betri.

Ethi hiyo ndiyo iliyoiua stata ya zamani. Volti zikipungua, selenoidi inashika kwa nguvu ndogo na sahani ya shaba inatetemeka juu ya pointi badala ya kuzibana. Kila mtetemo ni cheche, na kila cheche inachukua chembe ya shaba. Kama waya ungeachwa, stata iliyonunuliwa ingekwenda njia hiyohiyo, na duka lingelaumiwa kwa kuuza spea mbovu.

Selenoidi ya zamani ilikatwa bati lake ili ionekane ndani. Sahani ilikuwa nyeusi, na upande mmoja una shimo lenye kina cha karibu milimita moja, kingo zake zimeyeyuka na kuganda kama nta. Pointi moja ilikuwa bado na unene wake. Nyingine ilikuwa imelika hadi kwenye mguu, na makaboni ya mota yalikuwa yamebaki chini ya nusu.